Siku Nilipobonyeza "Safisha" Wakwe Wakiwa Njiani

Naomba nianze kwa kukiri, maana hapa Matongo wapo wanaoijua habari hii na wanaisimulia kwa kuongeza chumvi: ni kweli nilimwonyesha mzee wa kanisa, baba mkwe mtarajiwa wa dada yangu, tumbo langu likicheza ndani ya kitenge cha mke wangu, mbele ya wageni kumi na mmoja, kwenye TV ya inchi arobaini na tatu. Hilo sikatai. Ninachokataa ni ile ya kwamba nilifanya makusudi.

Mimi naitwa Chacha. Nauza vipuri vya pikipiki, lakini watu wananiita Injinia (jina lilianza kama dhihaka, nikalipokea kama cheo), kwa sababu mimi ndiye niliyeunganisha kompyuta ya zamani na TV ya pale nyumbani kwa Mama na kuweka humo video zote za familia, mia tatu na kumi na mbili. Harusi, misiba, ubatizo, mavuno, ng'ombe wakizaa, zote nilizipiga kwa simu yangu moja ile ile tangu nilipoinunua. Na Mama hajui kusoma. Kwa hiyo nilikaa miezi, kila Jumapili baada ya kanisa, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye kompyuta, kila video tunaiwekea picha ya mbele anayoichagua mwenyewe: msiba wa bibi ni chungu chake cha kupikia, mavuno ni kikapu cha ulezi, harusi yangu mimi ni jogoo (sikuuliza kwa nini). Zile faili zenyewe zilibaki na namba tu zilizopewa na simu, moja, mbili, tatu, kwa sababu nilijiambia majina ya nini wakati programu ya kuonyeshea video inakumbuka kila kitu? Mama alikuwa anashika rimoti, anapita picha moja moja, akifika anayoitaka anabonyeza. Hakuhitaji mtu.

Na iliyobonyezwa sana kuliko zote ilikuwa yenye picha ya fimbo ya Baba. Baba alipoona ugonjwa unamzidi, aliniita zizini akasema nimpige video, anataka kuacha neno kwa watakaokuja kumposa Bhoke, kitinda mimba wake, kwa sababu alijua siku hiyo haitamkuta. Alifariki miezi miwili baadaye. Sauti yake haiko mahali pengine popote duniani.

Basi Bhoke akapata mchumba, Marwa, kijana wa Kemambo, mpole, mrefu, na miguu yake (tutaifikia). Ikapangwa siku ya wazee wa kwao kuja kuongea habari za ng'ombe. Mama akasema neno moja na hakulirudia: "Siku hiyo hakuna ng'ombe atakayetajwa hapa kabla baba yake Bhoke hajasema."

Asubuhi ya siku hiyo nilifika kwa Mama mapema kujaribu mitambo. Diski ya zamani ilikuwa imejaa na inakwaruza, video zinakwama katikati. Nikawaza, wakwe waje wakute Baba anakwama mdomo wazi? Nilikuwa na diski mpya, kubwa, bado iko kwenye boksi. Mke wangu Rhobi alikuwa anapita na sufuria akaniona naifungua.

"Chacha, hicho unachokifanya hakiwezi kusubiri wageni waondoke?"

"Ni kunakili tu. Dakika arobaini."

"Mimi nimesema," akaenda zake jikoni, na nyie mlio kwenye ndoa mnajua uzito wa maneno hayo.

Kunakili kulikwenda vizuri, faili zote mia tatu na kumi na mbili zikafika salama, nikachomoa diski ya zamani kwa madaha, nikachomeka mpya. Programu ikaonyesha zile picha za Mama zote lakini zina alama nyekundu, maana yake inazitafuta video kwenye diski ya zamani na haizioni. Hapo nilitakiwa kuiambia kwamba anwani imebadilika, basi, kazi imekwisha. Kulikuwa pia na kitufe cha kutunza nakala ya mipangilio yote, nilikiona kwa macho yangu mawili nikakipita. Chini yake kulikuwa na kingine kimeandikwa "Safisha". Nikasema moyoni, wageni wanakuja, usafi ni jambo jema. Nikabonyeza.

Ni kama umehamishia ng'ombe zizi jipya bila kumwambia mchungaji, halafu unamwamuru asahau majina ya wote asiowaona mbele yake. Alisahau kweli. Picha zote, majina yote, mpangilio wote, Jumapili zote za mimi na Mama, vikaondoka kwa muda wa kupiga chafya. Nikarudisha diski ya zamani, wapi! Kilichofutwa ni kumbukumbu ya programu, diski haina habari.

Mtu mwenye akili angemwita Mama akamwambia ukweli. Mimi nikajiambia nina saa mbili, nitaipata ya Baba, naiweka tayari, mengine baadaye. Nikairudishia programu zile video upya, na kwa vile simu yangu ilikuwa inairushia intaneti, yenyewe ikaamua kunisaidia. Ilipokuta faili haina jina ila namba, ikaenda mtandaoni kutafuta filamu za kigeni zenye namba kama hizo, ikaleta picha zake na kuzibandika. Na hapo ndipo mbwa walipobweka, Baba mdogo Mwita akaita kutoka nje, "Injinia, toka upokee wageni!" Walikuwa wamewahi kwa saa moja na nusu. Tangu lini Mkurya anawahi mkutano?

Tukasalimiana, shikamoo, marahaba, wakaketi, Marwa mwenyewe nyuma yao. Mbele kabisa akakaa Mzee Nyamhanga, baba yake Marwa, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akinywa maji unaona kama anayahukumu. Baba mdogo akafungua kwa maombi, Mama akasimama akasema lile neno lake, na Mzee Nyamhanga akaitikia kwa heshima, "Ni haki. Mwenye nyumba aanze." Mama akachukua rimoti mwenyewe. Nilitaka kumzuia lakini, kusema kweli, niliogopa. Akawasha.

TV ikajaa wanawake wa kigeni waliovaa kitambaa kisichotosha hata kufutia meza. Pembeni yao mwanamume hana shati, ana bunduki mbili. Chini samaki mkubwa mwenye meno anakula mashua. Mahali ambapo kila siku palikuwa na chungu cha bibi palikuwa na binti amelala juu ya gari.

Mama akasogea karibu na kioo, akageuka, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Chacha. Nani ameweka huyu uchi kwenye msiba wa mama mkwe wangu?"

"Mama, ni... ni kompyuta imechanganya picha tu. Ndani ni zile zile."

"Fimbo ya baba yako iko wapi?"

Nikaiangalia diski ya zamani, na akaelewa. Namkumbuka alivyokaa chini taratibu, rimoti mapajani, akiipapasa vile vitufe asivyoweza tena kuvitumia. Aibu yote iliyofuata naweza kuisimulia nikicheka, ila hapo sicheki.

Baba mdogo akasema, "Si utafute, mura? Fungua moja moja." Mia tatu na kumi na mbili. Na tarehe zote, baada ya kunakili, zilikuwa zimegeuka kuwa za siku hiyo hiyo. Nikabahatisha ya kwanza, mwanamume wa bunduki mbili: ni ng'ombe anazaa, kwato za ndama zimeshatoka, na sauti yangu inasema "sukuma mama, sukuma." Nikafunga haraka kwa sababu walikuwepo akina mama wa upande wa pili. (Mzee mmoja akalalamika, "Mbona umefunga? Huyo ng'ombe ni mzuri.")

Nikabahatisha ya pili, na hapa ndugu zangu naomba mnisitiri. Ni mimi. Niko chumbani nimefunga kitenge cha Rhobi kiunoni, sina shati, litungu, zeze letu la Kikurya, linapigwa redioni, nacheza mabega na tumbo linafuata kwa wakati wake lenyewe, na nyuma ya kamera Rhobi anacheka mpaka picha inatikisika. Natafuta kitufe cha kusimamisha, nabonyeza cha kuongeza sauti. Litungu likaitika nyumba nzima. Mzee Nyamhanga akatazama TV, akanitazama mimi, akatazama TV tena.

"Huyu ndiye kaka wa binti?"

"Ndiye," akajibu Baba mdogo, kama mtu anayetoa ushahidi polisi.

Ningeacha hapo. Lakini Mama alikuwa ananiangalia, nikafungua nyingine. Akatokea Mama mwenyewe, anapepeta ulezi uani, na mara moja nikakumbuka ni siku gani, siku ile Marwa alipokuja kujitambulisha mara ya kwanza na kuondoka, na kabla kidole hakijafika Mama wa kwenye TV akasema kwa furaha, "Kijana ni mzuri, sikatai, ana adabu. Lakini ile miguu! Ni fito zile. Upepo ukija si tutamfuata Kenya?"

Bhoke, aliyekuwa mlangoni na trei ya chai, aligeuka akarudi jikoni nayo. Marwa akavuta miguu yake chini ya kiti. Mama akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya TV natamani sakafu ya saruji ingekuwa na mlango.

Mzee Nyamhanga akainuka. Nikajua ndiyo basi, uchumba umekwisha, na mimi ndiye niliyeumaliza kwa kitufe kimoja. Akasimama katikati ya sebule, akainama, akapandisha suruali yake mpaka magotini.

"Mama Bhoke," akasema, "hiyo miguu ni ya kwangu. Mtoto ameirithi. Lakini imelima ekari nne kila mwaka, na upepo haujaichukua."

Jamani, ilikuwa fito kweli. Sikumbuki nani alianza kucheka, nadhani ni yeye mwenyewe, kicheko chembamba kilichokuwa kimefichwa muda mrefu, kisha wakaangua wote, Marwa pia, na Mama chini ya kanga nikaona mabega yanatikisika.

Alipoifunua ile kanga, alikuwa na uso mwingine. Akaniambia, "Yule ng'ombe wa mwanzo uliyemfunga. Alikuwa na baka jeupe kwenye paja?"

"Alikuwa nalo."

"Basi huyo ni Itiryo." (Tulimwita hivyo kwa sababu Itiryo ndiko alikotoka.) "Alizaa mara moja tu kwetu, akafa kwa ugonjwa wa kwato. Na kesho yake baada ya kuzaa ndipo baba yako alipoongea, maana alisema amengoja kumwona huyo ndama kwanza."

Mimi nilikuwa nahangaika na tarehe za kompyuta, Mama anahesabu kwa ndama. Nikatazama namba ya ile video ya Itiryo, nikaenda kwenye inayofuata, picha yake ya mbele ni yule samaki mwenye meno, nikabonyeza.

Zizi. Jua la asubuhi. Na Baba kwenye kigoda, koti lake limemzidi, fimbo kati ya magoti. Akaongea Kikurya, polepole. Aliwasalimu wageni asiowajua. Akasema hatataja idadi ya ng'ombe, hiyo ni kazi ya wenye pumzi, ila wasilete ng'ombe mwenye kikohozi. Akasema, "Bhoke hapigiwi kelele. Akikosea, mwiteni jina lake taratibu, atageuka." Bhoke alikuwa amerudi mlangoni. Mzee Nyamhanga alivua kofia na kuiweka kwenye goti, akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba anaonekana.

Tukadhani amemaliza. Mama alikuwa anafuta macho. Sehemu iliyobaki nilikuwa nimeisahau kabisa, kwa sababu Mama huwa anazima neno likiisha. Baba akainua fimbo akainyoosha moja kwa moja kwenye kamera, kwangu, akasema:

"Chacha, umebonyeza? Basi usibonyeze tena. Una mkono wa haraka wewe, utayafuta maneno yangu mbele za watu."

Sitawaambia kelele zilizopigwa mle ndani. Mzee Nyamhanga alilazimika kushikwa. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, ameshika kifua, anasema, "Alijua! Huyu mtu alijua!" Ng'ombe waliongelewa baadaye kwa muda mfupi kuliko nilivyowahi kuona, na hakuna mwenye kikohozi aliyeletwa.

Sasa Jumapili nimerudi kwenye kiti changu na Mama kwenye chake, tunaweka picha upya, tumefika mia moja na tisa. Ya Baba haina fimbo tena, Mama amechagua ndama wa Itiryo. Baba mdogo Mwita ameniagiza video ya ubatizo wake iwekewe yule mwanamume wa bunduki mbili. Nakala ya mipangilio iko sehemu tatu, moja anayo Rhobi na hataki kuniambia ameificha wapi. Na kile kitufe cha "Safisha" nimeapa sikigusi tena maisha yangu yote, kwa sababu mtu anaweza kubishana na mke wake, lakini si na marehemu aliyemnyooshea fimbo mbele ya wakwe.