Siri ya Kompyuta ya Makoko

Shule niliishia darasa la tatu, lakini spea za pikipiki nauza Musoma, Bunda na Butiama. Wenye digrii wananiombaga kazi.

Hesabu ya mali yote ilikaa kwenye kompyuta moja, duka la Makoko, pale Musoma. Kikongwe. Tuliipepea kwa feni kama mgonjwa, na kuizima ilikuwa mwiko, maana hakuna aliyejua kama itaamka. Neno la siri nililijua mimi tu. Mali yangu, siri yangu.

Binti yangu anayesimamia duka la Kabasa, kule Bunda, mteja akitaka kifaa, lazima anipigie simu kuuliza kama kipo. Siku moja akaniletea fundi wa mifumo, kijana wa viatu vilivyochongoka.

"Mzee, kwa mfumo mpya maduka yako yote yataonana."

"Ng'ombe wangu wa Bunda na wa Butiama hawajawahi kuonana, na wote wananenepa."

Binti hakucheka. "Baba, Mwanza wameniita kazini. Usipobadilisha huu mfumo, mwisho wa mwezi naondoka."

Nikamwambia barabara ya Mwanza ina lami, hatajikwaa. Usingizi ukanikimbia wiki nzima, lakini hayo hayamhusu mtu.

Kabla mwezi haujaisha nikaenda Butiama kumzika shemeji yangu, mume wa dada. Binti akanishikia duka la Makoko. Huko Makoko umeme ukakatika. Uliporudi, kikongwe kikaamka na kudai neno la siri. Binti akanipigia, wateja wamejaa dukani.

Nikalinong'ona.

"Baba, sisikii!"

Nikasogea hadi kwenye zizi.

"Sisikii!"

"JASHO LANGU MWENYEWE! Unganisha yote, usiache nafasi!"

Waimbaji wakanyamaza. Dada yangu, mjane wa siku mbili, akainua kichwa pale mkekani.

"Jasho lako? Na ng'ombe za mahari yangu ulizouza ukaanzia biashara, hizo zilikuwa jasho la nani?"

Msiba mzima ukacheka. Hata yeye alicheka, machozi yakimtiririka.

Siri sasa ilikuwa ya kijiji kizima. Nilinde nini tena? Simu ilikuwa bado hewani.

"Mwite fundi wako," nikasema. "Na hao wa Mwanza uwaambie wamechelewa."

"Nitawaambia. Haya Baba, nina wateja hapa."

Akanikatia simu, kama bosi. Nikarudi kukaa, mbali kidogo na dada yangu.