Tulipolitafuta Jengo la Bluu

Mkwe wangu ni fundi rangi, na mikono yake ikitulia hupaka ukuta hata ukadhani ulizaliwa hivyo. Kutulia kwenyewe kulikuwa kumeadimika. Pombe ilikuwa imemkaba, na binti yangu alikuwa ameshapanga nguo za watoto kwenye mabegi. "Mama," aliniambia, "leo asipofika kwenye kile kikao cha watu wanaoacha pombe, kesho nahamia kwako na watoto wangu. Na usimburute. Akiburutwa hajaenda."

Mimi ni mpishi wa shule. Nimezoea nikisema kitu, kinafanyika. Basi kumburuta sikumburuta, ila nilimsindikiza. Nilimsindikiza kwa karibu sana.

Maelekezo alitupa muuguzi wa zahanati: jengo la bluu, nyuma ya stendi, chumba cha chini, alasiri. Rahisi kabisa, nikavaa na viatu vyangu vizuri. Nyuma ya stendi mtaa upo, na majengo yapo. La kijani lipo. La krimu lipo, refu, lina duka la madaftari mbele. La matofali matupu lipo. La bluu hakuna.

"Mkwe, wewe si fundi rangi? Jengo la bluu la mtaa huu hulijui?"

"Labda ni mtaa wa pili, mama," akasema, macho chini.

Tukaenda mtaa wa pili. Hamna. Nikamwuliza muuza magazeti, naye akataka kujua tunatafuta nini humo ndani. Ningesemaje? Kwamba namtafutia mkwe wangu walevi wenzake? Nikasema ni kikao cha afya. Akatuelekeza kliniki ya wajawazito. Aka! Tukapanga foleni na wenye matumbo yao, mimi na ubibi wangu huu, na mwanamume wa ndevu nyuma yangu, mpaka mkunga akaja kuuliza kati yetu mjamzito ni nani.

Hasira zikanipanda. Tukarudi, tukapita mbele ya lile jengo la krimu kwa mara nyingine, tukaizunguka stendi, viatu vikinibana. Muuguzi nikampigia, simu imezimwa. Jamani, mtu akiweka kikao cha watu wanaohangaika, hata kibao kidogo hawezi kutundika? Mkwe wangu jasho lilimtoka, na kila tulipopita mlango wa baa shingo yake iligeuka yenyewe. Niliona, nikajifanya sioni.

Mwishowe nikakaa kwenye ukingo wa mfereji, nikavua kiatu. Nilikuwa nimechoka, na si miguu tu. Nilichoka na miaka yote ya kumwona binti yangu akichungulia dirishani, anasikiliza mwendo wa mtu anayekuja kama umenyooka au unayumba.

"Basi," nikamwambia. "Baa ile pale. Nenda. Mimi sikuzuii, na nyumbani nitasema jengo halikuonekana."

Akaitazama baa. Aliitazama kwa muda mrefu, hadi nikajuta kufungua mdomo. Halafu akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, jengo lenyewe ni lile la krimu."

"Krimu imekuwa bluu tangu lini?"

"Bluu iko chini yake. Krimu niliipaka mimi mwenyewe, mwaka huu huu."

Ebo! Mitaa yote ile! Wajawazito! "Na ukanyamaza?"

"Nilipokuwa napaka, walikuwa wanapita chini ya ngazi yangu kwenda kikaoni. Wakanikaribisha. Niliwacheka, mama. Niliwatania kwa sauti mpaka mafundi wote wakavunjika mbavu, na wakati huo chupa yangu nimeificha kwenye ndoo ya rangi. Leo nitaingia na uso gani?"

Jibu nilikuwa nalo, tena kali, lakini alikuwa ameshaanza kutembea, na hakuelekea baa. Nikamfuata na kiatu kimoja mkononi.

Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi, na kikao kilikuwa kimekwisha. Wazee wawili na dada mmoja wa makamo walikuwa wanapanga viti juu ya viti. Nikafungua mdomo niwalaumu, niwaeleze, niwaombe, vyote kwa pamoja. Mkwe akanitangulia.

"Shikamooni," akasema. "Mimi ni mlevi. Nimechelewa."

Yule dada akamkazia macho. "Wewe si yule fundi wa kwenye ngazi?"

"Ndiye mimi."

Nikangoja tufukuzwe. Dada akashusha kiti kutoka kwenye rundo, akakiweka katikati ya chumba, akashusha na kingine. "Kaa," akasema. "Hata mimi nilianza kwa kuwacheka." Wazee nao wakaanza kushusha viti, huku wakilalamikia migongo yao.

Mimi nikaambiwa nisubiri nje. Baada ya mateso yote yale, nje! Nikatoka nikisonya, na simu ikaita. Alikuwa binti yangu.

"Mama, umeshamwingiza?"

"Sikumwingiza," nikasema, huku nikivaa kiatu changu. "Kaingia mwenyewe."