Kijiji Alikoolewa Immakulata

Joviana alikuwa mjane wa kijiji cha Ijuganyondo, mkulima wa migomba na kahawa, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Immakulata. Miaka michache baada ya Uhuru, masista wa misheni walimpeleka binti huyo Ujerumani kusomea uuguzi. Alipomaliza masomo akaolewa hukohuko.

Elimu ya watu wazima ilipoanzishwa kijijini, Joviana alijiandikisha mapema. Alipoweza kusoma, alimwendea mwalimu wake, Hamidi.

"Mwalimu, nionyeshe Ujerumani."

Hamidi akaazima ramani shuleni. Joviana alisoma majina ya miji polepole, kidole kikifuata herufi: Hamburg, Bremen, Berlin. Akayashika yote, akawa anayataja hata akipalilia. Lakini kijiji cha Immakulata hakikuwamo.

"Ni kidogo mno, mama," Hamidi alisema. "Hata sisi wa Ijuganyondo hatumo kwenye ramani zao."

Mwaka uliofuata alikuja misheni sista Mjerumani aliyezaliwa karibu na kijiji hicho. Joviana alimfuata uani baada ya Misa.

"Huko kuna migomba, sista?"

"Hakuna, mama. Kuna miti ya matofaa na ng'ombe wengi. Msimu wa baridi theluji hufunika njia, watu wakabaki ndani."

"Na majirani hutembeleana?"

"Theluji ikiyeyuka, ndiyo."

Joviana alishukuru, akarudi nyumbani. Jioni alimenya ndizi za kuwatosha watu wawili, kama zamani Immakulata alipokuwapo, akazipika zote.