Nilipoiita Ngoma Yetu Mchezo

Nimekosa, tena nimemkosea mtoto wangu wa kumzaa. Mimi shule sikuiona, hivyo nayasema haya kwa mdomo na mjukuu wangu anaandika. Nimemkataza kunipamba.

Nilikuwa kiongozi wa ngoma katika kijiji kimoja karibu na Dutwa. Kila baada ya mavuno ya pamba tulishindana na kundi la upande wa pili, na nyimbo nyingi nilizitunga mwenyewe. Vijana walihamia kwangu kufanya mazoezi; mke wangu aliwasongea ugali mpaka mikono ikamvimba. Ile ilikuwa kazi. Nami nilijua!

Binti yangu alisoma hadi akawa mwalimu wa chuo kikuu. Utafiti wake wote ulikuwa juu ya jambo hilo: kwamba mpiga ngoma, mchongaji na mtunzi wa nyimbo ni wafanyakazi, na serikali iwatambue hivyo. Soko huria lilikuwa limeingia. Wanunuzi binafsi wa pamba walifunga spika juu ya vibanda vya mizani, wakapiga kanda za nyimbo zetu kuwavuta wakulima. Ruhusa hawakuomba! Binti yangu akapendekeza kwamba anayetumia wimbo kwa biashara apatane kwanza na wenye wimbo. Wakubwa wa serikali wakasema watakuja kuwasikiliza wananchi wenyewe.

Asubuhi ya mkutano alipiga magoti mbele yangu kunisalimu.

"Mwangaluka, baba. Leo waeleze tu mnavyofanya kazi. Mimi wamechoka kunisikia, wanasema nayatoa vitabuni."

"Nitawaeleza, mayu, mama yangu. Kakae kwa amani."

Niliahidi hivyo. Lakini kabla sijasimama, kiongozi wa kundi pinzani akapaza sauti: "Kumbe! Na ng'ombe wote wale, leo anaomba ujira wa kutikisa mabega? Binti kamgeuza baba yake kibarua!"

Umati ukaangua kicheko. Kwetu mcheza ngoma huchinjiwa dume, halipwi. Kibarua ni mtu asiye na zizi. Damu ikanipanda kichwani.

Mkuu wa msafara akaniuliza, "Mzee, ngoma kwenu ni kazi, au ni nini?"

"Ni mchezo tu," nikajibu. "Kwani hatusemi tunacheza ngoma? Kazi ya mwanamume ni shamba na ng'ombe."

Nikapigiwa makofi. Binti yangu alinitazama, kisha akatazama chini.

Ole wangu! Pendekezo lake lilitupwa. Mkuu yule alimwambia mbele ya wenzake, "Hata baba yako mwenyewe anasema ni mchezo." Chuoni alibaki akifundisha, lakini kwenye vikao vya kutunga sera hakuitwa tena. Haya niliambiwa na mke wangu. Binti mwenyewe hajaniambia neno.

Sasa miguu imekufa, naye amenileta kwake hapa Somanda, niwe karibu na hospitali. Nala chake, nalala kwake, hata sweta hili ni lake. Akija likizo kutoka chuoni huniuliza kama nimekunywa dawa. Afadhali angenitukana! Ningejua pa kuanzia.

Juzi bodaboda alipita akiupiga wimbo wangu mmoja. Tulikuwa tumekaa barazani.

"Huu si wako, baba?"

"Ni wa zamani huo."

Akacheka kidogo, akanimenyea chungwa. Mlango ulikuwa wazi namna ile, nami nikala chungwa!

Nimewalea wanangu kwa sheria kwamba mzazi hamwombi mtoto radhi. Nilitandika watu kwa sheria hiyo. Leo imenifungia mimi ndani.

Hata wakati huu yuko jikoni, namsikia akiosha vyombo. Mjukuu wangu, ambaye ni mwanawe, amesimamisha kalamu: "Babu, nimwite mama?" Nimemwambia aandike kwanza.

Wazazi wenzangu, mtoto akikuomba useme ukweli unaoujua, useme, hata kijiji kizima kikucheke. Walionicheka walikwenda kula wakasahau. Na ukishamkosea, mwambie siku hiyo hiyo, uso kwa uso. Usingoje kama mimi, ninayeyaungama haya kwa watu nisiowajua, ilhali mwenyewe yuko chumba cha pili.