Nyanya Aliyekataa Kuitika

Nilikuwa muuguzi mpya kutoka milima ya Taita, na nilijiona najua adabu. Kwetu mtu mzima ukimwita "mama" au "mzee" umemaliza. Garissa, wakati wa vita vya shifta, zahanati ilifurika kila asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na rejista nikiita majina kwa sauti, kama yalivyoandikwa. Aliyeitwa mara tatu asiitike, nilimpeleka mwisho wa foleni.

Siku moja niliita jina la bibi kizee kutoka Balambala. Hakuinuka, na nilimjua vizuri, maana nilimwandika mwenyewe. Mjukuu wake alikuwa mapajani, anahema kwa shida, mbavu zote zinaonekana. Lori lao lilikuwa linarudi saa tisa na kibali chao cha kusafiri kilikuwa cha siku hiyo tu. Mtoto asipodungwa sindano sasa, basi tena. Nikaita mara ya pili. Ya tatu nikaita kwa ukali. Bibi akanitazama, akamfunga mtoto mgongoni, akaelekea langoni.

Nilikasirika, sifichi. Nikamgeukia mfagiaji wetu, mama wa Kisomali kutoka mtaa wa Iftin. "Kiburi gani hiki, na mtoto anakufa?"

"Sista, wewe naita yeye fibaya," akasema. "Jina tubu, bila heshima, mbele ya watu? Huyo ni ayeeyo, nyanya yako. Enda karibu, mwambie ayeeyo."

Nilitupa rejista nikakimbia. Hata kama ningelazimika kulala mbele ya lori, mtoto yule hakuwa anaondoka. Nikamkuta bibi langoni, nikainamisha kichwa. "Ayeeyo, nisamehe. Nipe mtoto."

"Ayeeyo," akanijibu. Nikadhani ananikejeli, lakini mfagiaji, aliyenifuata mbio, akanieleza kwamba nyanya humrudishia mjukuu wito uleule. Tukarudi ndani pamoja.

Nikiandaa sindano, bibi alizungumza polepole na mfagiaji akanifasiria. Mtu wa mwisho kusimama mlangoni kwake na karatasi, akiita majina, alikuwa askari. Aliyeitika ni mwanawe, baba wa mtoto huyu. Hajarudi mpaka leo.

Niliona haya. Nikamdunga mtoto.

Kuanzia kesho yake sikuita mtu mlangoni. Nilipita benchi kwa benchi, nikimwinamia kila mzee. Mkubwa wangu akaja juu: "Siku hizi wewe ni mjukuu wa kila mtu?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Heshima si utumwa. Na foleni yangu inakwisha kabla ya yako."

Baada ya wiki chache bibi alirudi na kibuyu cha maziwa, mtoto akitembea mbele yake. Aliendelea kuja mpaka nilipohamishwa. Jina langu hakuwahi kuliuliza, na lake sikulitamka tena.