Fundi wa Daraja Anayeombea Samaki wa Shemeji Yake

Saa kumi na moja alfajiri maji yamekupwa, na Bwanausi anakanyaga tope la hori la Kaole, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwenda kazini. Ni fundi wa daraja. Lakini daraja halitazami. Analipita mpaka kwenye wando wa shemeji yake, ule uzio wa fito unaotega samaki, anainama na kuchungulia ndani.

"Wamo?"

"Hata salamu hakuna!" anacheka Msabaha, mwenye wando, maji yakimfika magotini. "Wamo wawili. Mmoja mgonjwa."

Bwanausi anaguna. Riziki ya daraja lake sasa imo humo wandoni, naye hafichi.

Daraja ni la nguzo za mikoko, limefungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Watu wa Kaole hulivukia kwenda mashambani. Bwanausi analitengeneza tangu ujanani kwa rupia mbili kwa mwezi, mchango wa wenye mashamba. "Na miezi mingine," anasema, "wananichangia maneno."

Mwaka jana, 1886, chombo kikubwa cha mizigo, bagala, kiliingia horini wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, kimejaa mtama, kikitafuta mahali pa kuzibwa nyufa. Upepo ukafa. Maji yaliyokuwa yakijaa yakakibeba.

"Watu wanadhani nahodha alilala," anasema Bwanausi. " Hakulala! Chombo kikienda sawasawa na maji, usukani hauna cha kusukuma. Mshika usukani aliniambia mwenyewe, alikuwa kama mtu anayemvuta punda aliyekufa. Wakatupa nanga, nanga ikalima tope. Chombo kilichoshiba vile hakisimami kwa kuambiwa."

Darajani alikuwapo Mwajabu, mke wa Bwanausi na dada wa Msabaha, na mzigo wa mihogo kichwani. Chombo kilipita kwanza ndani ya wando. Fito zikavunjika, zikakizonga, kikapunguza mwendo kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichompa Mwajabu nafasi ya kukimbia. Kisha nusu ya daraja ikaenda.

"Niliitupa mihogo yote," anasema Mwajabu. "Huyu kaka yangu mpaka leo ananiambia ningewatupia chomboni, labda wangenilipa."

Tangu siku hiyo Bwanausi anataka nguzo nene zisimame pale pale palipokuwa na wando, zipokee pigo kabla ya daraja. Lakini pale ni pa Msabaha, na kabla yake palikuwa pa baba yake.

"Wando wangu umemwokoa mkeo," Msabaha alimwambia, "na shukrani yako ni kunifukuza?"

Baada ya kununiana sana wakapatana: nguzo zisimame, na fito za wando zifungwe juu yake. Safu ya kwanza iko tayari. Samaki wakiingia kama zamani, Bwanausi ataongeza ya pili. Wakigoma mpaka bamvua lijalo, atazing'oa zote kwa mikono yake.

"Kila akiswali anaombea samaki," anasema Mwajabu. "Mimi hajawahi kuniombea hivyo."

Jua limechomoza. Bwanausi anachomeka mti kwenye tope, anapima mahali pa safu ya pili. Msabaha anamtazama, anatikisa kichwa, kisha anamrushia yule samaki mzima.

"Kampe dada yangu. Nguzo tutazungumza."

Bwanausi anampokea kwa mikono miwili. Chombo kingine kitakuja, anasema, hilo hana shaka nalo. "Mimi nataka siku hiyo mtu aliye juu ya daraja ashuke akitembea. Na mihogo yake kichwani."