Taa ya Bi Batuli

Hii ilinikuta mimi mwenyewe, Tabora, mwaka sabini na sita. Mkitaka kucheka chekeni, ila msome hadi mwisho.

Kila jioni, wafanyakazi wa ghala wakishatoka, taa ya chumbani kwangu ilikuwa inafifia yenyewe. Haizimiki. Inabaki nyekundu tu, inakodoa macho.

Halafu hodi.

"Fundi, taa yangu imefifia tena. Hilo ni jini, si bure."

Ni Bi Batuli, mjane wa nyuma ya ua wa michongoma. Mimi ni Tobias, fundi umeme, mtoto wa kijijini Puge, nilipewa chumba ndani ya ghala la tumbaku. Sikuwa na mke wala rafiki. Jumapili nikitoka misa narudi kuongea na betri.

"Shikamoo, Bibi. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Sikai."

Akakaa. Siku zote alikaa, na bakuli lake la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, tukala huku tukimsema jini.

Jini mwenyewe nilimjua. Tulikuwa na magari sita ya betri ya kunyanyulia marobota, kila moja na chaja yake. Aliyechagua kebo ya kulisha chaja hizo alihesabu kwamba zitawashwa kwa zamu, mbili mbili. Na chumba changu kilivuta umeme kwenye kebo hiyo hiyo. Marehemu mume wa Bi Batuli aliwahi kuwa mlinzi pale, nikadhani na wao walivutiwa waya kutoka kwetu.

Sasa ilikuwa enzi ya Ujamaa, bwana. Madereva walikaa kikao, wakapitisha kwamba hakuna gari la kutangulia lingine. Usawa! Wakawa wanachomeka yote kwa pamoja, betri zikiwa tupu, wakati ambao chaja inavuta umeme kuliko wakati wowote.

Nikamfuata mwenyekiti wao. "Ndugu Ngollo, kebo inaelemewa. Chajini kwa zamu."

"Na nani awe wa mwisho, Ndugu Tobias? Wewe?"

Nikarudi kwenye betri zangu.

Siku moja nikaigusa ile kebo. Ganda lake lilikuwa limelainika kama nta juani. Tumbaku kavu ile ikishika moto, nyumba ya kwanza kuteketea ni ya Bi Batuli.

Nikapiga hesabu upya. Chaja zote sita kwa mpigo, nikaongeza robo kwa sababu zinavuta saa nyingi bila kupumzika. Kisha nikapima umbali, maana umeme ukisafiri mbali kwenye waya mwembamba unafika umechoka. Ikaagizwa kebo nene kweli kweli.

Niliifunga kwa moyo mzito. Nilijua taa ikitulia, Bi Batuli hatakuwa na la kulalamikia.

Jioni ile madereva wakachomeka. Taa haikutikisika, nyeupe pee.

Hodi haikuja. Kesho yake pia. Wiki ikakatika, nimekaa naitazama taa yangu nzuri, upweke umenikaba. Nilitamani jini arudi.

Mwishowe nikazunguka ule ua. Sikuwahi kufika kwake. Kijana kuingia nyumbani kwa mjane, na watu wa mjini walivyo na midomo!

"Hodi, Bibi! Nimekuja kukagua taa yako."

Kisha, taratibu, "Karibu."

Alikuwa amekaa peke yake, koroboi juu ya kigoda. Nikainua macho kutafuta balbu. Hakuna. Nikatafuta swichi, waya, hata tundu ukutani. Wapi! Nyumba ile haikuwahi kuingizwa umeme tangu ijengwe.

"Bibi, sasa ile taa yako..."

"Nilikuwa naiona yako dirishani ikififia," alisema bila kunitazama. "Ilipotulia, ningekuja kusema nini, mwanangu? Kwamba nimechoka kula peke yangu?"

Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Nikavuta mkeka nikakaa, naye akaanza kupakua.

Wakuu, mtu akikuletea kila siku shida isiyo na kichwa wala miguu, mpe kiti kwanza. Na siku asipokuja, nenda wewe.